Maumivu ya Mkunga

Pale kitengo cha dharura walimwita Bwana Kumi, na wengi wao walishasahau kwamba jina hilo lilianza kama utani. Alikuwa muuguzi, mtu wa miraba minne, mwenye mabega yaliyomlazimu kuingia chumba cha dawa ubavu ubavu, na sauti ndogo isiyolingana hata kidogo na mwili ule. Kila aliyeletwa amevunjika, ameteguka au ameungua, yeye ndiye aliyemwinamia na kumuuliza: kati ya sifuri na kumi, sifuri ikiwa huumwi kabisa na kumi ikiwa maumivu hayana tena pa kupanda, wewe uko wapi?

Majibu aliyapata ya kila namna. Fundi bomba mmoja alimwambia kumi na nne. Mwalimu wa hesabu alisema saba na nusu, akafikiri, akapunguza ikawa saba na robo. Dereva wa lori alisema sifuri huku mfupa wa mkono ukichungulia nje, kisha akazimia. Bwana Kumi hakumcheka yeyote wala hakubishana na yeyote. Aliandika alichoambiwa, akatazama saa, na baada ya dakika kumi na tano akarudi kuuliza tena.

Uuguzi hakuuanza ujanani. Alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye ghala la saruji mpaka sanduku la vyuma lilipombana vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi hadi alasiri, mkono umefungwa kwa fulana yake mwenyewe. Dawa zilikuwepo. Watu walipita, na si watu wabaya, ila kila mmoja alimwona jitu zima limekaa kimya akadhani halina shida. Mwishowe mama aliyekuwa akipiga deki alisimamisha ufagio, akamuuliza kama inauma sana. Yule mpakiaji, ambaye alikuwa hajatoa machozi tangu azikwe baba yake, akalia mpaka kamasi. Mwaka uliofuata alirudi darasani, akakaa dawati moja na vijana aliowazidi miaka kumi, na hakuna siku aliyojuta.

Daktari mkuu wa kitengo alikuwa mama mfupi aliyetembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Huyo ndiye aliyeanzisha utafiti. Kwa miaka mingi, alisema, kila daktari pale alitoa dawa ya maumivu kwa mazoea yake: huyu akiona mguu umevunjika anakimbilia dawa kali, yule anatoa vidonge viwili vya kawaida na pole. Nani alikuwa sahihi? Hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi kumuuliza mgonjwa. Basi zikatengenezwa paketi zenye nambari, vidonge vyake vikafanana kwa rangi na ukubwa. Nyingine zilikuwa na parasetamo pamoja na ibuprofeni, dawa ambazo mtu hununua dukani akiumwa kichwa. Nyingine zilikuwa na parasetamo pamoja na kodeini, dawa kali kidogo, binamu wa mofini. Aliyejua ipi ni ipi alikuwa mfamasia peke yake, na karatasi yake aliifungia kabatini. Mgonjwa aliyevunjika mkono au mguu, akikubali, alipewa paketi inayofuata kwenye foleni, na Bwana Kumi akamuuliza namba yake mara ya kwanza, baada ya robo saa, nusu saa, saa moja na saa mbili. Ambaye saa moja ilipita hajapata nafuu, alichomwa sindano ya mofini bila mjadala. Utafiti haukuwa wa kutesa watu.

Kazi hiyo aliipenda kuliko zote alizowahi kufanya. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba ni kazi ya kuuliza na kungoja jibu, na mambo mengi duniani yangenyooka kama watu wangefanya hayo mawili. Mkewe, mwalimu wa shule ya msingi, mama wa mapacha wao wa kike, alimjibu kwamba aanze kumuuliza yeye kuhusu vyombo vya jikoni.

Aliyeiona kazi ile ni ya upuuzi alikuwa mama mkwe wake.

Huyu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne. Nusu ya watu wa mtaa wao walipita mikononi mwake wakiwa uchi na kelele, na hata sasa alipokuwa amestaafu, wanaume wenye ndevu walimwamkia barabarani kwa adabu ya watoto waliotoka kuogeshwa. Alikuwa mwembamba, amenyooka kama rula, na mtandio wake haukuwahi kuteleza. Aliposikia mkwewe sasa anaandika namba za maumivu, alimwambia binti yake, "Mumeo anapima maumivu? Basi na mimi nitaanza kupima harufu." Mke alimfikishia mumewe maneno hayo huku akicheka. Bwana Kumi naye alicheka, lakini si sana.

Si kwamba walikuwa hawapendani. Waliheshimiana, na heshima ikizidi huwa kama ukuta mzuri uliopakwa rangi. Katika miaka kumi na minane ya ndoa, mkwe na mama mkwe walikuwa wamezungumza kuhusu mvua, shule ya mapacha, na afya za watu wengine. Akienda kumsalimu alikaa kiti cha karibu na mlango. Mkwe alimwita Mama. Naye alimwita Baba Pacha. Chai ikiisha, mkwe aliaga. Hivyo tu, na kila mmoja aliona inatosha.

Ikawa siku moja, saa nne asubuhi, machela iliingia kitengo cha dharura ikisukumwa na dereva wa teksi na jirani mmoja aliyekuwa bado ameshika ndoo tupu, kwa kuchanganyikiwa. Juu yake alilala bibi mwembamba, mtandio umefungwa barabara, uso umekuwa wa kijivu. Alikuwa ameteleza kwenye maji ya sabuni mlangoni pa bafu lake. Mguu wa kulia ulionekana mfupi kuliko wa kushoto, na unyayo umegeuka nje. Bwana Kumi hakuhitaji picha kujua kwamba shingo ya mfupa wa paja imekatika. Kisha akatazama uso.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Pacha," alisema bibi, taratibu, kana kwamba wamekutana sebuleni. "Umekwenda kazini leo?"

"Niko kazini, Mama."

"Vizuri. Endelea na kazi."

Sheria ya kitengo ilikuwa wazi: hakuna anayemhudumia ndugu yake wala mkwe wake ikiwa mwenzake yupo. Alikuwepo muuguzi kijana, binti mwenye miezi minne kazini, mwepesi wa mkono na wa huruma. Bwana Kumi akamwachia, akampigia simu mkewe shuleni, kisha akajisimamisha upande wa pili wa pazia akijifanya anakunja shuka. Shuka moja aliikunja mara sita.

Alimsikia binti akiuliza maswali yote kama alivyomfundisha yeye mwenyewe. Umri? Sabini na moja. Magonjwa mengine? Vidonda vya tumbo, vya siku nyingi. Hapo Bwana Kumi alijua kwamba mama mkwe hataingia kwenye utafiti. Ibuprofeni na vidonda vya tumbo ni paka na panya, na paketi isiyojulikana ndani yake haikumfaa. Kisha likaja swali lenyewe, kati ya sifuri na kumi.

"Mbili," alisema bibi.

Pazia halikuwa limefika mwisho. Kwenye ufa wake Bwana Kumi aliona mkono wa mama mkwe. Vidole vililishika pindo la shuka vikilikunja, vikilikunjua, vikilikunja. Juu ya mdomo kulikuwa na mstari wa jasho. Mapigo ya moyo kwenye mashine yalikuwa mia moja na kumi na nane. Kwa miezi saba alikuwa ameuliza namba zaidi ya watu mia nne, na kama kulikuwa na kitu amejifunza, ni kwamba namba husemwa na mdomo, lakini mwili nao una mdomo wake.

Muuguzi kijana aliandika mbili. Kwa mbili, utaratibu ulisema parasetamo basi. Akampa. Baada ya hapo bibi alitakiwa apelekwe kupigwa picha, na kupigwa picha maana yake ni kuinuliwa kutoka machela kwenda meza ngumu, kunyooshwa, kugeuzwa. Bwana Kumi aliwahi kuona watu wa mifupa iliyokatika namna ile wakigeuzwa bila dawa ya maana. Hakutaka kuona tena, na zaidi ya yote hakutaka kumwona huyu.

Akamwendea Daktari, aliyekuwa akimshona mtu kidevu.

"Ile mbili si mbili," alimwambia.

Daktari hakuinua macho kwenye sindano. Alisema amemwona bibi alipopita, ana macho, anajua. "Lakini ana akili timamu, na nimemuuliza kama anataka dawa yenye nguvu, amekataa. Siwezi kumchoma mtu sindano ya maumivu aliyoyakana. Kaongee naye. Ila nenda kama mkwe. Uuguzi uache hapa kwangu."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kama muuguzi angejua la kusema. Kama mkwe, alikuwa na mvua, shule ya mapacha, na afya za watu wengine.

Akaingia ndani ya pazia, akavuta kiti kidogo, akakaa kichwani pa kitanda ili uso wake usiwe juu ya uso wa mama mkwe. Tangu aoe hakuwahi kukaa karibu naye kiasi kile. Alisikia harufu ya sabuni ya kufulia kwenye nguo zake zilizolowa. Muuguzi kijana akakumbuka ana jambo la kufanya mahali pengine.

"Nimesema mbili," alisema bibi kabla hajaulizwa.

"Nimesikia, Mama."

"Basi."

"Basi, Mama."

Mwingine angeanza kubembeleza. Yeye alingoja, kwa maana kungoja ndiyo kazi aliyoijua. Vidole viliendelea na pindo la shuka. Machela nyingine ikapita nje, ikagonga kidogo kitanda, na bibi akafumba macho, na sauti ikamtoka puani, ndogo, kama ya mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba.

"Mama," alisema Bwana Kumi, "Mama Pacha huniambia kuna neno ulikuwa ukiwaambia wazazi wodini, wale walioona haya kukueleza wanavyojisikia. Kwamba mficha..." Akakwama. Neno linalofuata halisemwi mbele ya mama mkwe. Alihisi masikio yakimwaka moto, mwanamume mzima wa miaka arobaini na tisa.

Bibi akafumbua macho, akamtazama. Midomo ikamcheza.

"Mficha uchi hazai," alimalizia mwenyewe. "Sema tu, baba. Hapa ni hospitali."

"Ndiyo hilo, Mama."

"Mimi sizai."

"Hapana. Lakini wanataka kukugeuza kwenye meza ya picha."

Bibi alizijua meza na mifupa. Hakuna wa kumdanganya. Akaanza kusema, kwa sauti ya chini, huku akitazama dari. Alisema hawezi kulia mbele ya mkwe. Alisema pia kwamba mofini anaijua, aliwahi kuiona enzi zake ikitolewa kwa kukadiria, mgonjwa akalala, na pumzi ikalala naye. Na aliona watu wakipewa dawa hizo wakabwabwaja siri za nyumba nzima. Yeye hakuwa tayari kubwabwaja hapa, mbele ya watoto aliowapokea, huku mkwewe akikunja shuka upande wa pili. "Nilikuona," aliongeza. "Ile shuka itachanika."

Bwana Kumi akatabasamu, akainamisha kichwa. Kisha akamweleza, mfanyakazi wa wodi kwa mfanyakazi wa wodi. Parasetamo aliyopewa ni nzuri, ila kwa mfupa kama ule ni kuzima moto kwa kijiko. Ibuprofeni ingesaidia, lakini tumbo lake lisingesamehe. Mofini ipo, na siku hizi haikadiriwi: inaingizwa kwenye mshipa kidogo kidogo, mtu anakaa pembeni anahesabu pumzi, na ikizidi ipo dawa ya kuiondoa. Inaweza kumletea kichefuchefu, na kweli kichwa kitakuwa kizito. Halafu ipo njia ya tatu, sindano ya ganzi inayochomwa juu ya paja, karibu na mshipa wa fahamu. Hiyo inalaza mguu peke yake. Kichwa kinabaki macho, na siri za nyumba zinabaki nyumbani.

"Inachukua muda gani kushika?" aliuliza mkunga.

"Dakika ishirini, thelathini."

"Na inakaa?"

"Saa nane, wengine zaidi. Hata kesho ukienda kupasuliwa wanaweza kurudia."

"Umeona wangapi?"

"Ishirini na tatu, Mama. Wawili haikuwashika vizuri, wakaongezewa mofini. Waliobaki walilala mchana wa siku ileile."

Aliuliza maswali mengine matatu, yote ya maana, kuhusu damu, kuhusu usafi, kuhusu nani atakayechoma na amechoma mara ngapi. Bwana Kumi alijibu kila moja. Ilimjia kwamba miaka yote ile wamekuwa watu wa kazi moja, na hawakuwahi kuizungumza hata siku moja, kwa ajili ya kile kiti cha karibu na mlango.

Kisha bibi akageuza uso kidogo upande wake.

"Tisa," alisema. "Tangu asubuhi ni tisa."

Machozi yakaanza kumtoka, bila kwikwi, yakishuka pembeni kuelekea masikioni. Mkwe hakujua kama inaruhusiwa. Akatoa leso yake, akasita, halafu akamfuta, upande huu na upande ule, kwa mkono wenye vidole viwili vilivyopinda.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema bibi. "Kuna mwanamke mmoja, yule mwenye saluni karibu na posta. Mtoto wake wa kwanza. Alikaa na uchungu siku nzima, akaniambia mkunga nakufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa kwa kelele zake mwenyewe. Akapiga kelele tena, nikampiga kofi la paja." Alivuta pumzi. "Nilidhani namsaidia. Ndivyo tulivyofundishwa, ukimhurumia analegea. Sasa nimelala hapa tangu saa nne, na anayenijia kichwani si marehemu mume wangu, si mama yangu. Ni yule."

Bwana Kumi hakusema si kosa lako, wala hakusema yamepita. Alisema tu, "Nimekusikia, Mama," akamshika mkono, na pindo la shuka likapata kupumzika.

Mambo mengine yalikwenda haraka. Daktari alikuja, kidevu cha watu kimeshashonwa, akamsikia bibi akisema tisa kwa mdomo wake, akaagiza mofini kidogo ya kumtuliza wakati ganzi inaandaliwa. Ilipofika sindano ya paja, Bwana Kumi alisimama akatoka bila kuambiwa, kwa sababu heshima bado ilikuwa heshima, na muuguzi kijana akabaki. Mkewe alikuwa amefika, vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi, akihema. Alimkuta mumewe ameegemea ukuta wa korido, macho mekundu.

"Amekufa?" aliuliza.

"Amesema tisa," alisema mumewe.

Mke alimtazama kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza magharibi. Kisha akakaa chini palepale sakafuni, akacheka na kulia kwa pamoja, akisema kwamba mama yake alizaa watoto watano na majirani walijua tu kwa kuona nepi zimeanikwa.

Nusu saa ilipopita, muuguzi kijana alitoka na karatasi. Bibi alikuwa amesema tatu, na alikuwa amesisitiza kwamba hii iandikwe vizuri, kwa sababu ni tatu ya kweli. Alipigwa picha bila kilio. Kesho yake alipasuliwa, wakamwekea chuma, na baada ya wiki moja akahamia nyumbani kwa binti yake, chumba cha mapacha, nao wakalala sebuleni wakifurahia kama wako safarini.

Utafiti uliisha miezi mitatu baadaye. Mfamasia alifungua kabati, na watu wa kitengo wakakusanyika chumba cha mikutano kusikiliza. Waliotegemea mshindi walivunjika moyo. Kwa wagonjwa wa hospitali ile, zile paketi mbili zilishusha maumivu karibu sawasawa. Baada ya saa mbili tofauti ilikuwa ndogo kuliko namba moja. Ila waliopewa kodeini walitapika zaidi, na walisinzia zaidi. Daktari alisema sasa wana sababu ya kuanza na vidonge vya kawaida kwa mikono na miguu ya watu wazima wasio na vidonda vya tumbo wala ubovu wa figo, na kuiweka dawa kali kwa wanaoihitaji kweli. Halafu akaonyesha jedwali jingine, ambalo halikuwa kwenye mpango. Tofauti kubwa kuliko zote haikuwa kati ya dawa na dawa. Ilikuwa kati ya aliyeulizwa mapema na aliyeulizwa akiwa ameshakaa benchini saa mbili.

Bwana Kumi, ambaye mikutanoni hukaa nyuma kwa ajili ya mabega yake, aliinua mkono. Alisema amepitia karatasi za wazee. Wengi walisema mbili, tatu, hasa walipoulizwa mbele ya watoto wao au wakwe zao. Aliomba fomu iongezwe mstari mmoja: mgonjwa aulizwe tena akiwa peke yake. Hakueleza alikojifunza. Mstari ukaongezwa, wa nne kutoka juu, na uko hadi leo.

Nyumbani, siku zake za mapumziko, alimtembeza mama mkwe barazani kwa magongo, kutoka mlango mpaka kona na kurudi. Walizungumza. Bibi alimsimulia watoto waliotoka kwa miguu, mapacha waliojificha mmoja nyuma ya mwenzake, usia wa mkunga aliyemfundisha. Mkwe alimsimulia ghala la saruji. Mara nyingine waligombana, kama siku bibi aliposema dripu zamani zilifungwa vizuri zaidi, na Mama Pacha akiwa jikoni alitikisa kichwa, akasema afadhali wakati walipokuwa wakiogopana.

Asubuhi moja bibi alitoka chumbani amevaa mtandio wa kutokea. Alisema anataka kwenda saluni.

Bwana Kumi alielewa. Hakuuliza. Walichukua teksi mpaka posta, wakatembea hatua zilizobaki, wakipumzika kila nguzo ya umeme. Saluni ilikuwa na kioo kirefu chenye ufa, viti viwili, na beseni la kuoshea nywele kando ya dirisha. Mwenyewe alikuwa mama mnene wa miaka hamsini hivi, akimsuka mteja. Aliwakaribisha kwa furaha, akasema kila mtu amesikia habari za mguu. Bibi hakukaa. Alisimama ameegemea magongo yake, akasema alilokuja nalo, bila kupunguza neno, na kofi akalitaja kofi.

Mteja aliyekuwa akisukwa alijitia kutazama nje. Mwenye saluni aliacha kusuka, chanuo mkononi.

"Nilikukasirikia," alisema hatimaye. "Miaka, Bibi. Nilikuwa nikikuona sokoni napita njia nyingine. Mtoto wa pili nilikwenda kuzalia mbali kwa ajili yako. Halafu sijui lini, hasira ikaniisha." Alifikiri kidogo. "Sijui kama iliniisha yote."

"Haiwezi kuisha yote," alisema mkunga. "Sikuja uniambie imeisha."

"Umekuja kwa magongo kuniambia hivyo?"

"Ndiyo."

Mwenye saluni akaweka chanuo mezani. Akamtazama bibi kuanzia magongo mpaka mtandio, akaona nywele nyeupe zilizochungulia pembeni, kavu, zisizotengenezwa tangu hospitali. Akamwambia mteja wake avumilie dakika chache. Kisha akavuta kiti cha kwenye beseni, akaweka taulo mahali pa shingo, akamsaidia bibi kukaa, polepole, mguu mbaya umenyooshwa mbele. Bwana Kumi alipokea magongo, akatoka nayo nje kwenye benchi, kwa kuwa mtandio ulikuwa unafunguliwa.

Kutoka pale alisikia maji yakimiminwa, na sauti ya mwenye saluni ikiuliza kama si ya moto sana.

"Ni ya moto," alisema mama mkwe. "Punguza kidogo, mwanangu."

Na yule mama akachota maji baridi, akachanganya, akajaribu kwanza kwa kiganja chake.